Mistari Isiyowekewa Tope

Kazini kwetu Musoma tuna mabwawa ya majitaka, na pembeni vitanda vya saruji ambako tope la vyooni linaanikwa mpaka likauke liwe udongo. Nyanya zinaotaga humo zenyewe, nyekundu, nzuri, na hakuna anayezichuma. Kazi yangu mimi ni kuwatafutia wanafunzi wa shahada ya pili kampuni zitakazotumia risechi zao. Ni kazi ya mshenga. Ndoa ikishika unasahaulika. Ikivunjika unaulizwa wewe.

Akaja binti mmoja, mwanafunzi kutoka Mugeta, mpole lakini king'ang'anizi. Alitaka kuonyesha kwamba tope hilo, likikaushwa vya kutosha na kupimwa mayai ya minyoo, linakuza mahindi. Nikampatia kampuni ya mbolea ya Mwanza. Walisema watakuja mara moja tu kuangalia. Wakiridhika, watalitengeneza, na yeye watamwajiri. Kwao binti walishatoa shukrani kanisani kabla hata mbegu haijaingia ardhini. Kilichobaki ni shamba. Wakulima niliowafuata Bunda walinisikiliza vizuri, wakaninywesha soda, wakakataa. Nani aweke mavi ya watu wa mjini kwenye chakula chake?

Basi nikaenda kwa mama yangu, Butiama. Baba alikuwa na miezi miwili kaburini, pale pale nyumbani, ubavuni mwa shamba. Watu walikuwa wananiuliza najisikiaje, nasema niko sawa, na kweli sikuwa nasikia kitu. Nilikuwa nimekufa ganzi: naoga, nakula, naandika ripoti, narudi chumbani kwangu Makoko kulala. Mama naye hakuwa na nguvu za kubishana. Alisema chukueni, baba yenu angekubali.

Tulipanda mistari kumi na miwili upande wa barabarani. Sita tuliiwekea tope. Sita tuliiacha bila kitu chochote, ili tofauti ionekane. Binti aliitwa chuoni mahindi yalipochipua tu, akaniomba sana: dada, mweleze mama vizuri, halafu uwe unapita kukagua. Nilimweleza mama nikiwa nimeshapanda pikipiki.

"Mama, hii sita msiiwekee tope."

Akaitikia. Kukagua sikwenda. Sikutaka kuuona ule mji wetu bila baba, huo ndio ukweli. Nilikuwa napiga simu tu, mama anasema yanaendelea vizuri, na mimi namwandikia binti kwamba yanaendelea vizuri.

Siku ya wageni tulirudi na binti, mistari yote kumi na miwili ilikuwa imefika kifuani, kijani kibichi kilichokolea, huwezi kuutenga mmoja na mwingine. Mkubwa wa kampuni alipita katikati, mikono nyuma, akasoma vibao vya kila mstari, akarudi akavisoma tena. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia binti taratibu kwamba hawezi kumuuzia mkulima kitu ambacho udongo wake unakifanya bure. Waliondoka hata chai hawakunywa.

Binti alichuchumaa kwenye mstari mmoja wa bila kitu, akachimba kwa vidole. Ikatoka samadi, na mabua yake ya zizini.

Niliwapigia wale wageni kabla hawajafika mbali, nikaeleza. Yule mkubwa alinipa pole. Alisema jaribio lililoharibika halimsaidii, na ile nafasi kuna mwingine anaisubiri. Nilimpa binti habari hiyo neno kwa neno, kama mtu anayesoma tangazo. Nilijua natakiwa kuumia. Nilijitafuta, sikuona.

Mama akaja na chai na viazi, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alisema tope hakuligusa, kama nilivyomwambia. Ila ile sita ilikuwaga inamtia aibu, imedhoofu, ya njano, na watu wanapita barabarani kila siku wanatazama. Kwa hiyo alikuwa anabeba samadi kwa karai, asubuhi asubuhi, peke yake, na mgongo wake ule. Akauliza mbona wageni wamewahi kuondoka. Nikasema wana haraka.

Binti ndiye aliyemwambia, kwa heshima, bila kupandisha sauti. "Mama, ile sita ilitakiwa ibaki na njaa. Huo ndio ulikuwa mtihani wangu."

Mama aliweka birika chini. Alitazama mahindi, akatazama kaburi.

"Barabarani? Waseme mzee amekufa na shamba lake?" Akanigeukia mimi. "Si ungeniambia, mwanangu. Ningewapa kule nyuma, hakuna anayepita."

Kule nyuma nakujua tangu nikiwa mtoto. Upande wa barabarani niliuchagua mimi, ili gari la wageni lisipate shida. Binti alikuwa ananiangalia, anangoja niseme neno. Nikachukua kiazi, nikakimenya, nikala.