Fundo la Kumi

"Kama vita vilikwisha mwaka 1918, na tangu hapo watu husimama kimya kila mwaka kuvikumbuka, mwaka huu tutasimama mara ya ngapi?" Mwalimu Nzunda alituuliza hivyo asubuhi moja ya Oktoba, mwaka 1938, akiwa na chokaa mpaka kwenye nyusi, kwa kuwa tangu alfajiri alikuwa akipaka mawe yanayozunguka mlingoti wa bendera. Harufu ya chokaa mbichi iliingia darasani ikachanganyika na moshi wa mashamba yaliyokuwa yakichomwa kungojea mvua. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Wenzangu wote walijibu kwa pamoja kwamba ni mara ya ishirini. Mimi nilisema ishirini na moja, kwa sababu siku yenyewe vita vilipokwisha lazima watu walisimama, na hiyo ndiyo ya kwanza. Mwalimu akasema huwezi kukumbuka jambo siku linapotokea. Nikauliza, mtoto akizaliwa leo, leo si siku yake ya kwanza? Darasa likacheka. "Kaa chini, wakili," akasema. Nilikaa, lakini sikuridhika na jibu lake wala langu.

Shule yetu ilikuwa ya nyasi, si mbali na Nanyala, kando ya barabara ya vumbi iendayo Tunduma. Kwetu watoto, siku ile ya Novemba ilikuwa siku ya kukimbia mbio za magunia na kupewa sukari kiganjani. Tulijua tu kwamba Mfalme wa Waingereza aliwashinda Wajerumani tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi na moja, na kwamba tukinyamaza vizuri Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, atafurahi. Mwaka ule, kwa kuwa miaka ishirini ilikuwa imetimia, tuliambiwa kutakuwa na jambo jipya. Majina ya wapagazi wa kwetu waliokufa wakibeba mizigo ya vita yangesomwa barazani, mbele ya mtemi na watu wote. Kila mtoto aulize nyumbani, alete jina.

Mimi nilikuwa nalo. Baba na Mama walikuwa Lupa kwenye dhahabu, na niliishi na Bibi, mama yake Baba. Mume wake, Babu Halinga, alichukuliwa na askari wa Waingereza waliokuwa wakiwafukuza Wajerumani kuelekea ng'ambo ya mpaka, hakurudi. Aliyerudi ni mtu wa Isongole waliyebeba naye mizigo. Alisema Halinga alipigwa risasi kwenye kijito karibu na Kasama, wakamwacha palepale chini ya majani. Akampa Bibi kamba ya gome la mti aliyoifungua mkononi mwa maiti. Babu alikuwa akifunga fundo moja kila jioni wanapotua mizigo, ili ajue amekuwa mbali siku ngapi. Mafundo yalikuwa kumi. Bibi aliitunza kamba ile ndani ya kibuyu, juu ya dari la moshi, na ilinuka masizi na mafuta ya zamani.

Tatizo ni kwamba wapagazi wengi walitoroka, na yule mtu wa Isongole alikufa mapema, akaiacha habari yake bila shahidi. Mdogo wake Babu, Babu mdogo Songa, hakuiamini, au alipenda kutoiamini. Kila penye pombe ya ulezi alipaza sauti: "Shemeji, ongeza unga! Kaka akirudi kutoka migodi ya Katanga atakuwa na njaa." Watu walikuwa wakicheka mpaka povu la pombe liwapande puani. Bibi hakuwa mtu wa kumezwa mzimamzima. "Kaka yako hakujua kukimbia, shemeji," alimjibu mara moja nikiwapo. "Kukimbia ulikujua wewe. Siku tatu pangoni askari walipotafuta wapagazi, ukatoka na kucha kama za nguchiro." Walicheka tena, safari hii upande wake. Lakini tukirudi nyumbani alikuwa akipepeta ulezi uliokwisha kupepetwa. Miaka ishirini ya kuitwa mke aliyekimbiwa si mzaha.

Kwa hiyo nilipomwambia habari ya majina, aliinuka akafua shuka lake jeupe siku ileile, ingawa zilibaki wiki mbili. Jina likisomwa na serikali barazani, Songa atasema nini tena? Mwalimu aliliandika mbele yangu, la saba katika orodha: Halinga, mpagazi. Bibi alinituma nirudi kesho yake nihakikishe halijafutika. Aliwaambia majirani wote, hata wale ambao hakusemezana nao.

Mwalimu alipenda kutuambia kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilimwamini kupita kiasi. Siku chache kabla ya sherehe alitueleza vita vilivyopita huku kwetu. Alisema milio ya bunduki ng'ambo ya mpaka ilisikika mpaka Tunduma tarehe mbili Novemba. Nilikuwa najua kwa Bibi kwamba Babu alichukuliwa siku iliyofuata. Nikahesabu kwa vidole chini ya dawati. Akifunga fundo la kwanza jioni ya tarehe tatu, la kumi linaangukia tarehe kumi na mbili. Akianza kufunga jioni ya pili, linaangukia kumi na tatu. Nilisisimka kama mtu aliyeona chungu kimepasuka kabla ya mwenyewe kukiona. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kama vita vilikwisha tarehe kumi na moja, Babu yangu alipigwaje risasi tarehe kumi na mbili?"

Hakucheka. Aliniita mezani, akanitaka nirudie hesabu, nikairudia kwa fahari. Kisha akachukua rula, akaiweka chini ya jina la saba, akalikata kwa mstari ulionyooka. "Orodha hii ni ya waliokufa vitani," alisema kwa sauti ya chini. "Bwana Shauri ataikagua. Akiniuliza kama ulivyouliza wewe, nitamjibu nini?" Nikasema labda Bibi alikosea siku. "Umehesabu mwenyewe, binti yangu. Mara mbili." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, msemo huo nilikuwa nimeuandika kwa mwandiko mzuri daftarini wiki iliyopita, nikapewa alama zote.

Sikumwambia Bibi. Siku ya sherehe alikuja na shuka jeupe, akasimama mbele kabisa, pamoja na wanawake aliowaalika. Mwalimu alitazama saa yake, tukanyamaza. Kisha akasoma. La sita alikuwa mtu wa Mlowo. Nikamwona Bibi akiinua kidevu. Lililofuata halikuwa la Babu, wala lile lililofuata, na orodha ikaisha, na watoto wakaanza kugombea magunia ya mbio. Songa alimwinamia. "Pole, shemeji. Hata Mfalme hamjui?" Bibi alijitanda shuka lake, akaondoka. Njiani aliniuliza jambo moja tu: "Jina ulilipeleka?" Nikasema, "Nililipeleka, Bibi." Ulikuwa ukweli. Alifariki nikiwa shule ya bweni, na katika miaka yote iliyobaki sikumsikia tena akimrudishia Songa neno.

Sasa nimemaliza chuo kikuu, na wenzangu hawana mazungumzo mengine ila siku yetu wenyewe itakayokuja, siku ya kushusha bendera ile ya Waingereza na kupandisha nyingine. Wameanza kubishana iwe mwezi gani. Nami huwauliza tutaihesabu kuanzia wapi: karatasi itakapotiwa saini, au habari itakapofika Isongole? Wananiita mkorofi. Watoto wa leo huko kwetu hawapewi tena sukari kiganjani, na wengi hawajui kimya kile kilikuwa cha nini. Siwalaumu. Mimi nilikijua kwa tarehe yake, nikadhani nimekijua.

Chuoni, nikitafuta jambo lingine kabisa, nilisoma taarifa za maofisa wa vita vile. Simu ya kuwaarifu kwamba amani imetiwa saini Ulaya iliwafikia tarehe kumi na tatu, na Wajerumani waliweka silaha chini mjini Abercorn, ng'ambo ya mpaka, Jumatatu ya tarehe ishirini na tano, wiki mbili kamili baada ya siku tuliyokuwa tukisimama kimya. Tarehe kumi na mbili, karibu na Kasama, majeshi yote mawili yalikuwa bado yanapigana, na hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba vita vimekwisha.