Inchi Tatu za Heshima

Mafundi wa magari wa Morogoro wanajua kuinua. Ukipeleka gari lolote, hata lililokuja kubadilishwa oili tu, watachungulia chini yake, watatikisa kichwa na kukushauri uliinue kidogo kwa sababu ya barabara. Kwa hiyo siku nilipofika gereji nikasema nataka la kwangu lishushwe, fundi aliendelea kufuta mikono kwa tambara akidhani ulimi umeteleza.

"Unataka kuinua, mzee," akanisahihisha.

"Kushusha."

Aliliangalia gari, kisha akaniangalia mimi. Gari lenyewe ni lile la juu, ambalo magurudumu yote manne yanavuta, nililonunua likiwa limeshachoka na kwa sababu moja tu: barabara ya Matombo, kwao mke wangu. Wanaoshusha magari mjini hapa ni vijana wa muziki mkubwa, wanaopita polepole ili waonekane. Mimi ni fundi cherehani mwenye mvi na kitambi. Nadhani alikuwa anajiuliza kama nimepata mke mdogo.

"Ni kwa ajili ya mama mkwe," nikasema, na vijana wake wawili wakaacha kazi ili wacheke vizuri.

Mama mkwe alikuwa ameanguka migombani kwake, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akaja kukaa nasi Mafiga, na mara mbili kwa wiki alitakiwa kwenda hospitali kufanya mazoezi ya mguu. Daktari hakuficha kitu: miezi hii ikipita bila mazoezi, mguu utakakamaa na hatapanda mlima tena. Nyumba yake iko juu ya barabara, kwenye kijia ambacho hata pikipiki inakiogopa. Kwake, kutopanda mlima maana yake ni kutorudi nyumbani. Alikuwa na migomba yake, midalasini yake, na kaburi la mumewe. Kila asubuhi aliniuliza kupitia mke wangu kama mvua imenyesha huko juu.

Tatizo lilikuwa mlango wa gari. Kiti kilikuwa juu mno kwake. Mwanzoni mke wangu alimsukuma kwa nyuma, lakini mama ni mtu mwenye mwili, na wiki ya tatu kiuno cha mke wangu kikagoma. Tukajaribu bajaji, akalia njia nzima kwa kurushwa. Tukajaribu kreti la soda liwe ngazi, likapinduka, na tangu siku hiyo akalitazama kreti kwa macho ya mtu aliyetapeliwa. Akaacha kwenda. Ikapita wiki, ikapita ya pili.

Na mimi katika yote hayo nilikuwa nimesimama pembeni na funguo mkononi, natazama bati la jirani.

"Si umbebe tu, mzee?" akauliza mmoja wa wale vijana wa gereji.

Fundi mwenyewe alimkatiza. "Ni mkwe wake huyo," akasema, na hakucheka tena. Nikajua naye ni mtu wa milimani.

Kwetu mkwe hagusiki. Hatukupeana mkono siku ya posa, wala siku ya harusi, wala tulipomzika mumewe. Akikaa sebuleni, mimi nakaa barazani. Nikiongea naye natazama chini. Vijana wanaona ni mambo ya kale, na labda ni kweli, lakini heshima ya namna hiyo haikai kichwani ambako unaweza kuibishia. Inakaa mikononi. Mikono yangu yenyewe ilikuwa inakataa.

Kinachochekesha ni kwamba nimemshonea mama magauni yote ya miaka kumi na moja. Mke wangu humpima, huandika namba kwenye karatasi, nami nakata. Nilijua kiuno chake, urefu wake, mzunguko wa mkono wake, bila kuwahi kumtazama sawasawa.

Basi, nikafanya ninachokijua. Nilitoa futi yangu ya shingoni nikaanza kupima. Kitanda chake, inchi ishirini, anakaa bila shida. Kiti cha gari, ishirini na tisa kutoka ardhini. Nilirundika magodoro na mito juu ya benchi, mke wangu akawa anamjaribisha, nami niko nje ya dirisha nasubiri majibu. Ishirini na nane, hapana. Ishirini na saba, anahangaika. Ishirini na sita, amekaa. Kwa hiyo nilihitaji inchi tatu. Kwa fundi nguo, inchi tatu ni nyingi sana. Inchi tatu za pindo zinaweza kuvunja uchumba. Sikuona kwa nini kwenye gari ziwe kitu kigumu.

Fundi aliniambia kuna njia rahisi: kukata springi kwa grenda, mizunguko miwili kila moja, jioni unaondoka nalo. Nikamuuliza kwa nini basi haoni raha kuisema. Akanionyesha springi kuukuu pale sakafuni, akaeleza kwamba ikikatwa haikai tena vizuri kwenye kiti chake, na kwenye shimo inaweza kuchomoka. "Wapo wanaokata," akasema. "Mimi simkatii mtu aliyembeba mama." Nikampenda kwa hilo, mpaka aliponitajia bei ya njia nyingine.

Springi fupi zilitoka Dar kwa basi, laki tano na nusu, na za nyuma zikawa si zenyewe, zikarudishwa, tukasubiri siku sita nyingine. Kila jioni mke wangu aliniuliza springi zimefika wapi, na mama akiwa chumbani kimya, nami najua anahesabu siku za mguu wake. Halafu ikaonekana shokapu za zamani, zile za kuzuia gari kurukaruka, ni ndefu kwa springi hizo, zingegonga mwisho kwenye kila shimo. Shokapu nne. Sitaitaja bei, mke wangu hajui kusahau. Nilikuwa naweka akiba ya cherehani ya ovaloki, na ovaloki yote iliingia chini ya gari lile.

Lakini nikiri, nilifurahia kutazama. Nilifunga duka siku nzima nikakaa juu ya tairi. Bolti zilikuwa zimeshikana na udongo mwekundu wa Matombo, ikabidi zipashwe moto. Walipofika kwenye springi, fundi aliifunga vibano viwili vyenye skrubu, akawa anavikaza kidogo huku na kidogo huku, na akaniambia nisogee mbali. Nikauliza kwa nini. Akasema springi iliyobanwa ina nguvu za kuvunja mkono, inasubiri tu kuachiwa. Nilisogea, lakini si sana. Nilitaka kuona jinsi kitu kisichotikisika kabisa kinavyoweza kuwa na hasira kiasi kile.

Liliposhushwa kutoka kwenye jeki, nililipima palepale. Ishirini na sita kasoro robo. Nilipima mara tatu. Kisha likaenda kwa mtu mwingine kunyoosha magurudumu, hela nyingine, na njiani kuelekea nyumbani nikajifunza kwamba Mafiga ina matuta ambayo sikuwahi kuyajua. Kila tuta lilinisalimia chini ya kiti.

Siku ya hospitali mama alitoka na fimbo yake. Mke wangu alimshika kiganja tu. Mama akageuka, akarudi nyuma, akakaa. Akaingiza mguu mmoja, kisha akauinua ule mbovu kwa mikono yake mwenyewe. Niligeukia bati la jirani, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa maji. Mke wangu akawahi kazini Kingolwira, maana sasa hakuwa na haja ya kutusindikiza.

"Gari limekuwa gumu, baba," mama akasema tulipovuka tuta la tatu.

"Ni springi, mama. Zikishakuwa fupi zinakuwa ngumu."

Akaushikilia mlango kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa anakumbuka bajaji.

Pale hospitali kuna njia ya zege iliyoinuliwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, na kati yake na maegesho kuna mtaro mwembamba. Siku zote nilikuwa nasimama ubavuni kabisa, mlango unafunguka juu ya zege, mama anashusha miguu na kusimama kama anayetoka kwenye kiti cha jikoni. Nikasimama hapohapo. Nikazunguka kumfungulia. Mlango ukafunguka kiganja kimoja, ukagonga zege ukakwama.

Nikajaribu tena. Nikapiga magoti nikatazama. Mlango ulikuwa chini ya ukingo wa zege kwa unene wa kidole.

Swali la kwanza ninalomuuliza mteja anayetaka gauni la kubana ni atalivuaje. Nimeliuliza swali hilo maisha yangu yote. Nilikuwa nimepima kitanda, benchi, magodoro na gari, nikapima kuingia kwa kila namna, na kutoka sikukupima hata mara moja.

Nikasogeza gari mbali na zege, mlango ukafunguka. Sasa chini yake palikuwa na ardhi tupu iliyo mbali na miguu ya mama, na mbele yake mtaro; kukaa kinyumenyume aliweza, kushukia mguu mbovu bila wa kumshika hakuweza. Nikakimbia kuita muuguzi. Alikuwa amemshikilia mgonjwa mwingine, akanijibu bila kugeuka, "Baba, si umshike mama yako aingie? Zamu yake ndiyo hii, ikipita ni wiki ijayo."

Nikarudi nikasimama mbele ya mlango, natazama viatu vyangu. Nikamweleza mama alichosema muuguzi, neno kwa neno, kasoro lile la kumshika.

Aliutazama mtaro, kisha mikono yangu. Halafu akasema, "Hizi springi ulizinunua ili usinishike?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikaa ndani wiki zote hizo ili usinishike." Akaweka fimbo pembeni. "Njoo, mwanangu. Mguu wangu hauna wiki ya kusubiri."

Akaweka mikono yake yote miwili mabegani kwangu. Mimi nikamshika mabega, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kumshika mama mkwe, akateleza taratibu mpaka miguu ikafika chini, na uzito wake wote ukaja kwangu. Alikuwa mzito na wa moto, anatetemeka. Tukavuka mtaro tumeshikana vile. Na viganja vyangu, ambavyo vimepima mabega ya nusu ya mji huu, vikafanya kazi yao bila ruhusa yangu.

Bega lake la kushoto lilikuwa chini ya lile la kulia. Karibu inchi moja na nusu. Ni bega la mtu aliyebeba mikungu ya ndizi upande mmoja tangu utotoni. Karatasi ya mke wangu haikuwa na namba ya jambo hilo, na mimi macho yangu yalikuwa chini. Magauni yote ya miaka kumi na moja, la pasaka, la harusi ya mwanawe wa mwisho, la msiba wa mumewe, yote yalikuwa yamekaa upande kwake.

Nilimuuliza tukiwa tumesimama pale juu ya zege, anahema. "Mama, magauni yangu yanakuvuta shingoni?"

"Upande huu," akasema, akijigusa. "Tangu la kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelazimika kunipima."

Akachukua fimbo yake akaingia ndani. Wiki iliyofuata nilirudisha springi ndefu, maana barabara ya Matombo ilikuwa inamsubiri, na kupanda garini sasa anashika bega langu, nami namwinua. Gauni la kwenda nalo nyumbani nimempima mwenyewe, mchana, sebuleni, nikianza na bega la kushoto.