Nilivyokaa Hadi Hukumu ya Ndeshi

Siku yangu ya kwanza mahakamani, Hakimu Lyimo alinionya kabla sijakaa. "Mama Neema, shahidi akisema, usitikise kichwa. Ukitikisa, wa upande wa pili atajua umeshaamua." Na sisi Wameru mtu akizungumza unamwitikia! Jioni shingo iliniuma kwa kuizuia.

Nilikuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo, wale ambao zamani waliitwa wazee wa baraza. Nimesoma mpaka darasa la nne. Washauri tulikaa wawili na hakimu, tukasikiliza, tukauliza, mwisho kila mmoja akatoa maoni yake na kutia sahihi kwenye hukumu. Baada ya Lyimo alikuja Hakimu Mshana, mkali, hacheki. Kisha Hakimu Rehema Swai, aliyenikuta miguu imeshavimba.

Kwa Hakimu Swai ndipo ikaja mirathi ya marehemu Elisante wa Kikatiti. Mdogo wake, Zakaria, aliomba kuwa msimamizi wa mirathi, nyumba na migomba viwe mkononi mwake. Mjane, Ndeshi, akaweka pingamizi, yaani akapinga. Shahidi wake alikuwa mama mkwe, mama mzazi wa Zakaria huyo huyo. Aliingia akishikwa kwapani, akasema, "Nyumba walijenga wawili. Mwanangu Zakaria, mwache mwenzio."

Wiki chache baadaye yule mama akapooza, hasemi tena. Mimi nami daktari akanikataza kukaa sana. Nikamwambia hakimu naacha kazi.

"Ukitoka katikati, bibi, tutaanza upya," akasema. "Aliyesikiliza mashahidi ndiye anayesaini."

Kuanza upya, na yule mama hasemi? Nikabaki.

Zakaria alijua hilo. Kila tarehe aliomba ahirisho: leo anaumwa, mara shahidi kasafiri. Getini alinisalimu kwa upole kabisa.

"Shikamoo bibi. Bado unahangaika tu? Si upumzike, wajukuu wapo?"

"Marahaba. Nitapumzika ukimaliza mashahidi wako."

Mshauri mwenzangu, Mzee Nnko, naye hakunihurumia. "Ukidondoka humu, mama, nitasema umekufa ukikubaliana na mimi."

"Sijawahi kukubaliana na wewe nikiwa mzima!"

Mwisho hakimu akachoka na maahirisho, akafunga ushahidi. Hukumu ikampa Ndeshi usimamizi. Nilisaini nimeegemea meza, na kazi yangu ikaishia hapo.

Watoto wangu huniuliza nimepata nini kwa miaka yote ile. Nimepata miguu hii. Na uchovu, ambao sikujua kwamba mtu anastaafu nao.

Juzi Ndeshi alikuja na mkungu wa ndizi kichwani. Zakaria amekata rufaa, akaniambia.

"Basi rudi nazo, mwanangu. Wakikuona unaziteremsha hapa, watasema nilikaa vile kwa ajili ya ndizi."

"Lakini bibi, zimeshaiva."

"Naziona."

Akajitwika tena, akashuka nazo. Mimi nikarudi kulala.