Kiti cha Serwaa

Sitsofe Agbeko alikaa Lomé miezi saba akisoma Kifaransa, na katika miezi hiyo saba Kifaransa chake kilizidi kupungua.

Msimcheke upesi. Kutoka kwao Dzodze, upande wa Ghana, hadi Lomé, upande wa Togo, ni mwendo wa asubuhi moja. Muuza nyanya anasema Kiewe, mlinzi wa bweni anasema Kiewe, na mama wa mkaa akikutukana anakutukana kwa lugha ile ile uliyonyonyeshwa nayo. Sasa binti wa watu ahangaike na Kifaransa kwa nini, wakati nyanya zinapatikana bila hicho? Basi Kifaransa kikabaki darasani, na darasani kikabaki kwenye daftari. Kwenye karatasi hakuna aliyemfikia. Mwambie afungue mdomo, utadhani umemwomba ameze mkaa.

Mara mbili alikaa mbele ya Madam Kpatcha kwa mtihani wa kuzungumza, na mara mbili alinyamaza dakika kumi nzima akitazama vidole vyake. Madam Kpatcha alikuwa Mkabye wa kaskazini, hajui neno la Kiewe, na wala hakuona haja ya kujifunza. Ijumaa ile alimwita pembeni.

"Jumatatu saa tatu asubuhi," alisema. "Dakika kumi. Nisimulie chochote, hata namna ya kusugua sufuria. Ukinyamaza tena, nawaandikia watu wako wa Accra wanaokulipia, wakurudishe."

Kilichomchoma Sitsofe si kurudishwa peke yake. Ni kurudishwa kwa ububu, yeye, mjukuu wa nyumba ile. Babu yake, Togbui Agbeko, kwa miaka thelathini alikuwa tsiami, msemaji wa chifu wa Dzodze. Chifu hasemi na watu ana kwa ana. Hunong'ona, na msemaji huyapokea maneno, huyavika nguo safi na kuyasimamisha mbele ya watu. Nyumba nzima ilikula na kuvaa kwa ajili ya mdomo wa mzee. Halafu mjukuu arudi na barua ya kwamba hana mdomo. Alilia usiku ule mpaka mwenzake wa chumbani akakaa kitako.

Mwenzake huyo ni Serwaa Bonsu, Mwashanti wa Kumasi. Kifaransa cha Serwaa kilikuwa kibovu kupita maelezo, lakini alikimwaga popote alipo, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo.

"Nyamaza, wewe. Kesho tunakwenda Cotonou," alisema. "Jumamosi na Jumapili. Kule hakuna Kiewe cha kujifichia."

"Kule kuna Kifon. Ni binamu yake."

"Binamu msiyeelewana naye. Funga mzigo, shoga, ulie ukiwa njiani."

Waliondoka alfajiri. Mpakani Serwaa aliwasemesha maofisa, wauza mikate, na mbuzi mmoja aliyelala njiani. Benin wako mbele saa moja, akalalamika kwamba wameibiwa saa yao. Cotonou alipatana bei na waendesha bodaboda wenye fulana za njano, akapata chumba cha bei nafuu kwenye nyumba ya wageni pembeni mwa mtaa wa Zongo, na hayo yote ni kabla hawajanywa chai. Sitsofe alimfuata nyuma akitabasamu. Mtu akimuuliza jina, Serwaa alijibu.

Hata hawajavua viatu, wakasikia michi. Michi minne katika kinu kimoja, inapokezana bila kugongana, kutoka ua wa jirani.

"Hao wanatwanga viazi vikuu," Serwaa alisema, macho yakimng'aa. "Na wa tatu anachelewa. Siwezi kukaa hapa nimsikilize anachelewa."

Ilikuwa hafla ya kumpa mtoto jina, nyumbani kwa Wabariba waliotoka Parakou. Mwenye nyumba ni Bibi Bona, mkunga mstaafu, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyezalisha nusu ya mtaa na kuikaripia nusu nyingine. Aliwaona wasichana wawili wageni mlangoni, akawauliza kwa Kifaransa kama wamekuja kula au kufanya kazi. Serwaa akasema yote mawili. Alivua kipochi alichokuwa amekivaa shingoni, akakitia mahali alipoona ni salama, ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa kando ya mama wa mtoto, akachukua mchi.

Alitwanga kuanzia adhuhuri. Alipochoka kutwanga aliimba. Aliwafundisha wanawake wa Kibariba kuitikia nyimbo za Kumasi, nao wakamfundisha kucheza ngoma yao, na ngoma ilipopanda aliimba juu yake ili isimshinde. Watu walikula viazi vya kutwanga na jibini ya kukaanga mpaka wakafungua mikanda. Sitsofe alikaa karibu na mama wa mtoto akampakata yule mwana aliyepewa jina la Woru, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Alifurahi, kusema kweli. Hakusema hata neno moja.

Jumapili asubuhi Serwaa aliamka, akafungua mdomo kumsalimu mwenzake, ikatoka hewa tupu. Alijaribu tena. Hewa. Alishika koo, kisha akashika kifua, kisha macho yakamtoka, maana kifuani palipaswa kuwa na kipochi.

Kipochi kilikuwa cha kente, kile kitambaa cha kwao cha rangi nyingi, kimeshonwa na mama yake, na ndani yake mlikuwa na kadi za kusafiria za wote wawili. Bila kadi hakuna kuvuka mpaka. Bila kuvuka mpaka hakuna Jumatatu saa tatu. Na kipochi, Serwaa alikumbuka sasa, alikitia katika beseni. Na beseni lile, Sitsofe alikumbuka naye, ndilo watu walilokuwa wakitia zawadi za mtoto siku nzima. Bibi Bona alikuwa ametangaza kwamba halifunguliwi mpaka mwanawe, baba wa mtoto, arudi kutoka kazini Malanville siku ya Alhamisi.

"Nenda ukaombe," Serwaa alinong'ona, kwa Kiingereza chao cha Ghana.

"Mimi? Andika kwenye karatasi, nitampa."

"Umpelekee mama wa watu karatasi, kama polisi?"

Hapo alisema kweli. Utaingiaje katika nyumba iliyokulisha jana, useme vitu vyetu viko kwenu? Hata ukilisema vizuri, linanuka wizi. Na ukisema kimo kwenye zawadi, unamnyang'anya mtoto wa siku nane. Sitsofe alikaa kitandani. Akilini alimwona Madam Kpatcha akichukua kalamu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni, anauliza kama wanaondoka leo au wanalala tena. Serwaa, kwa mazoea, akajibu, na hewa ikatoka. Akamvuta Sitsofe sikio, akanong'ona. Na Sitsofe, bila kufikiri, akageuka akasema kwa Kifaransa kilichosikika mpaka ukumbini, "Tunaondoka saa saba, mama, lakini tunaomba mizigo ikae hapa mpaka wakati huo."

Mlango ulipofungwa walitazamana.

"Umesema," Serwaa alinong'ona.

"Sijasema mimi. Umesema wewe."

Ndipo alipokumbuka. Akiwa mdogo alikuwa akikaa miguuni pa babu yake siku za baraza, na siku moja alimuuliza kama haogopi kukosea mbele ya watu wote wale. Togbui alicheka. Alisema, "Maneno si yangu, mwanangu, mimi nayabeba tu. Yakiwa na kosa, kosa ni la mwenyewe. Yakipendeza, sifa ni zangu."

Sitsofe alisimama. Alichukua kitambaa akamfunga Serwaa shingoni. "Ukifika utakaa," alimwambia. "Usisimame hata ukiona nini. Nikikuinamia, nong'ona."

"Nikae tu?"

"Wewe si Mwashanti? Kwenu kiti ni ufalme, mtu akipewa hakiachi."

Bibi Bona alikuwa uani akikagua sufuria. Sitsofe aliomba kiti kimoja. Serwaa alikikalia kama aliyezaliwa juu yake, na Sitsofe akasimama kuliani kwake.

"Haya makubwa," Bibi Bona alisema. "Jana huyu hakunyamaza na huyu hakusema. Leo mmebadilishana?"

"Bibi, mwenzangu sauti yake ameiacha humu humu uani kwako," Sitsofe alisema. "Mimi ni mdomo wake leo."

Sauti ilitoka. Hakuanza na kipochi. Nyumbani kwao hakuna anayeanza na kipochi. Aliuliza mtoto amelalaje. Aliuliza mama yake kama maziwa yanatoka. Akawashukuru wanawake wa kinu mmoja mmoja, hata yule aliyekuwa akichelewa, na kila mara alimwinamia Serwaa kwanza, na Serwaa akanong'ona lolote, maana ilikuwa lazima kuonekane kitu kinapokelewa. Kifaransa chake kilijikwaa, kikainuka, kikaendelea.

"Sasa, Bibi," alisema, "jana mtoto alipata zawadi nyingi. Lakini kuna mgeni mmoja mdogo aliingia katika beseni bila kualikwa. Alichoka na ngoma, akalala humo. Amevaa kente, ana kamba shingoni, na tumboni amebeba sura zetu sisi wawili. Bila sura zile hatuwezi kurudi Lomé. Tumekuja kumwamsha."

Dada yake Bibi Bona, aliyekuwa akichambua maharage, akainua kichwa.

"Wanadai zawadi ya mtoto hao," alisema.

Serwaa alimvuta Sitsofe mkono kwa nguvu. "Mwambie nitalipa," alinong'ona. "Mwambie anitajie bei."

Sitsofe aliinama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama wima, na hapo ndipo nisemapo mimi kwamba damu ya babu si maji. Aliliacha neno la bei likafia pale pale.

"Mwenzangu anasema," alianza, "kwao Kumasi kitu kikishawekwa mbele ya mtoto hakirudi nyuma. Kwa hiyo anaomba tutoe zile sura tumboni, basi. Kipochi chenyewe, kilichoshonwa na mama yake, kibaki kwa Woru, avae shingoni atakapokwenda shule."

Serwaa alifungua mdomo. Ikatoka hewa.

Bibi Bona alimtazama yule aliyekaa, akamtazama aliyesimama, na tumbo lake kubwa likaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Aliagiza beseni likaletwa, akakitoa kipochi kwa vidole viwili, akatoa kadi, akampa Sitsofe mkononi.

"Nani amekufundisha kusema hivi?"

"Babu yangu, Bibi."

"Kifaransa chako kina mashimo."

"Ndiyo, Bibi."

"Lakini gari limefika," Bibi Bona alisema, akaingia ndani kutafuta asali na tangawizi kwa ajili ya koo la Serwaa.

Njia nzima hadi mpakani Serwaa alinong'ona kwa hasira, na abiria walidhani anasali.

"Kipochi cha mama yangu. Nani alikutuma useme kibaki?"

"Maneno ya chifu hupambwa kidogo."

"Chifu atakukata kichwa."

Lakini mjumbe hauawi, na hata Serwaa alilijua hilo. Mpakani waliporudishiwa saa yao moja, ni Sitsofe aliyejibu maswali. Serwaa alikunywa asali.

Jumatatu saa tatu kasoro dakika moja, Sitsofe aliingia chumba cha mtihani. Kabla ya kuketi aliomba ruhusa ya kuweka kiti cha pili kando yake. Madam Kpatcha aliinua uso. Katika miezi saba hii ilikuwa mara ya kwanza kusikia binti huyu akiomba kitu.

"Cha nini?"

"Cha mwenye maneno, Madam. Mimi ni msemaji tu."

Madam alitazama saa yake, akaonyesha ukutani kulikokuwa na viti. Sitsofe alikivuta kimoja, akakiweka kushotoni kwake, akabaki amesimama. Kisha akaanza. Alisimulia michi minne na wa tatu anayechelewa. Alisimulia Woru na beseni. Alisimulia hewa ikitoka mdomoni mwa Mwashanti, na mara moja moja alikiinamia kile kiti kitupu, akasikiliza, akaendelea. Alipofika kwenye bei iliyoachwa ikafia hapo, Madam Kpatcha alijikuna pua kuficha kitu. Dakika kumi zilipita, zikafika kumi na saba.

"Inatosha," Madam alisema. "Swali moja. Huyo mwenye kiti anasemaje sasa?"

Sitsofe aliinama kushoto, sikio tayari. Nje, kwenye korido, Serwaa alikohoa. Kwenye kiti hapakuwa na mtu.

"Hasemi kitu, Madam. Tangu niingie hajasema kitu."

"Basi haya yote uliyosema ni ya nani?"

Sitsofe alikigeukia kile kiti kitupu. Alikitazama mpaka Madam akadhani ule ugonjwa wa zamani umerudi, akainua kalamu.

"Ni yangu," Sitsofe alisema.

"Nimehesabu makosa thelathini na moja."

"Hayo nayo ni yangu, Madam."

Madam Kpatcha aliandika kitu kifupi kwenye daftari, akalifunga. "Barua ya Accra siandiki," alisema. "Rudisha kiti cha watu ukutani."

Sitsofe alikibeba mwenyewe, akakirudisha mahali pake.