Nilipulizia Dawa Shamba la Utafiti, Wifi Yangu Akakosa Mahindi

Nimekosa! Sina kisingizio. Jina langu tu msiliandike, maana hapa Kisanga tunajuana wote.

Mimi ni mama, mkulima wa mahindi. Mwaka juzi alikuja binti mmoja wa chuo kikuu, anafanya utafiti. Alitaka kujua kama mahindi yanaweza kuwastahimili viwavijeshi bila dawa za dukani, kwa maji ya majani ya mwarobaini na kunde zilizopandwa katikati. Akachagua shamba langu, lile la kando ya njia. Jamani, nilivimba kichwa!

"Mama, dawa ya dukani usipulizie hata tone," aliniambia. "Kitakachotokea, kiache nikione."

Nikaitikia. Ah, mdomo huu!

Viwavi wakaingia. Majani yakatobolewa kama chujio. Wifi yangu, dada wa mume wangu, shamba lake limepakana na langu. Akasimama mpakani akacheka: "Wifi, huo utafiti wenu ni wa kufuga wadudu?"

Alikuwa anatania tu. Mimi ikanichoma. Kila apitaye anatazama shamba langu!

Jumapili nikasema nina homa. Watu walipokwenda kanisani, nikabeba bomba nikapulizia dawa ya dukani shamba zima.

Mahindi yakanyanyuka. Binti aliporudi alifurahi mpaka akanikumbatia. Hapo ndipo ningesema. Sikusema! Wakaitwa wakulima waje kujifunza, nikasimama mbele yao kuwaelekeza namna ya kutwanga mwarobaini. Wakanipigia makofi, nami nikayapokea.

Wifi aliamini kuliko wote. Msimu uliofuata akalima vilevile nilivyofundisha, bomba lake akampa ndugu yake kule Zombo.

Viwavi walikuja kwa fujo. Mimi, kwa kuogopa kuumbuka, nikapulizia tena kwa kuibia. Kwake wakala mpaka moyo wa mhindi. Akanijia mikono imekuwa kijani kwa kutwanga majani.

"Wifi, nimekosea wapi? Nimefanya kama wewe."

Nikamjibu, "Labda hukuchuja vizuri."

Mungu wangu! Mtu anaangamia, nami namwambia kosa ni lake! Akarudi kuchuja upya, kwa kanga mbili.

Hakuvuna kitu cha maana. Alipokuja kuomba unga, nikampa, akanishukuru: "Mungu akubariki, wifi." Nikashindwa kumtazama.

Nikampigia simu yule binti. Tukakutana Mikumi, kwenye mgahawa wa barabarani malori yanapopaki, nikamweleza yote. Hakufoka. Afadhali angefoka!

"Mama, hata kama viwavi wangelimaliza shamba, hilo nalo lingekuwa jibu," alisema. "Ningejua mwarobaini hautoshi. Sasa sijui chochote."

Kazi yake yote ya kwangu ikatupwa. Akaanza upya, shamba la mtu mwingine.

Nikarudi kumwambia wifi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Hata siku ile ya kuchuja, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akainuka akaenda zake. Tangu hapo haniiti wifi. Tukikutana njiani ni "habari za asubuhi" kama kwa mpita njia. Mume wangu naye akishakula anainuka anatoka, maana huyo ni dada yake wa tumbo moja.

Kinachonikera mpaka najichukia ni hiki: yule binti hakuniomba mahindi mazuri! Alitaka kuona shamba lilivyo, basi. Mahindi mazuri niliyataka mimi, kwa ajili ya macho ya watu!

Wenzangu mnaopewa mashamba ya utafiti, nisikieni. Yakiliwa, acheni yaliwe, waiteni watafiti wenyewe waje waone. Watu wakicheka, wacheke! Na kama mmeshadanganya, semeni kabla jirani hajapanda. Mimi nilisema wakati wifi ameshaomba unga.