Fomu ya Kumi na Mbili

Wanafunzi wa sheria walimwita Mama Fomu, na jina hilo halikumuudhi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa usajili katika kitivo chao, kwenye chumba chenye dirisha moja, kabati mbili za chuma na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu. Kila mwaka likizo ndefu ilipokaribia, kazi yake kubwa ilikuwa kozi ya ng'ambo: wiki sita katika chuo cha nchi nyingine, wanafunzi kumi na wawili, hazidi hata mmoja.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege, lakini kozi hiyo aliijua nje ndani. Ada ilibeba masomo, chumba na bima. Tiketi, viza na chakula vilikuwa juu ya mwanafunzi. Amana ilikuwa nusu ya ada, na ukishailipa imekwenda, hata ukiugua, hata ukifiwa. Fomu, picha na stakabadhi ya benki zifike mezani kwake kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wapo waliokuja Jumatatu wakibembeleza na machozi juu. Aliwajibu vilevile kila mwaka: "Sheria ni msumeno, mwanangu. Ninyi ndio mnaoisoma, mimi naishika mpini tu."

Mwaka huo, Jumatatu baada ya mwisho wa kupokea fomu, binti mmoja wa mwaka wa tatu alikuja saa tatu asubuhi kuomba nakala ya fomu yake. Mama Fomu akaitoa kwenye faili, akahisi ina uzito usio wake. Akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na karatasi nyingine, imenata. Mtu alikuwa amebandika picha kwa gundi ambayo haijakauka, na gundi ikashika fomu iliyowekwa juu. Akaibandua polepole, na uso mpana wenye kichwa kilichonyolewa ukamtazama, kola ya sare imefungwa mpaka juu.

Alikuwa Afande.

Hakuna asiyemjua Afande kitivoni. Alikuwa askari magereza wa miaka thelathini na sita, anasoma sheria mchana na kulinda lango zamu nyingine, mtu mkubwa wa mwili anayekaa kiti cha nyuma ili asiwazibe wenzake. Amana yake aliilipa kwa mkopo wa chama cha akiba cha askari, na ruhusa ya kazini aliisubiri miaka miwili.

Mama Fomu akampa yule binti nakala yake, akamuaga kwa tabasamu, kisha akakaa. Ijumaa ile watu walijaa kaunta mpaka nje. Alizipokea fomu kwa rundo, akasema atazigonga muhuri wakipungua. Alimkumbuka vizuri Afande akimpa yake kwa mikono miwili, kabla ya adhuhuri. Alikumbuka na maneno aliyomjibu: "Nimeipokea, nenda zako, usinizibie mlango." Watu wakacheka, Afande naye akacheka.

Akafungua barua pepe aliyotuma Ijumaa saa kumi na moja. Majina kumi na moja. Aliona pengo siku ile, akadhani mmoja ameishiwa na pumzi kama inavyotokea kila mwaka. Hakuuliza. Chini yake palikuwa na jibu la chuo cha ng'ambo: wameyapokea majina kumi na moja, na nafasi iliyobaki Jumatano watampa mtu wa kwenye orodha ya kungoja.

Mbele ya chumba chake, ukivuka ukumbi, palikuwa na ofisi ya Profesa, mkuu wa kitivo, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti. Mwaka uliopita tarishi wao alipoteza bahasha moja ya matokeo. Profesa hakumgombeza. Alimwita saa nne, na ilipofika saa sita tarishi alikuwa anashuka ngazi na sweta lake mkononi, miaka kumi na miwili ya kazi imeisha kama kibiriti. Na mume wa Mama Fomu alikuwa fundi saa. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, na kibanda chake kilibaki cha kubadilisha betri. Nyumba yao ilikuwa inasimama kwa mshahara mmoja.

Akaitazama fomu tena, na hapo ndipo wazo likaja, bila kubisha hodi. Fomu haikuwa na muhuri. Iliponata, muhuri wa Ijumaa ukagongwa juu ya ile ya binti, hii haikuguswa. Hakuna karatasi yoyote duniani iliyosema imefika Ijumaa. Hakuhitaji kughushi chochote. Angegonga tarehe ya leo, tarehe ya kweli kabisa, na kosa lingehama lenyewe kutoka kwake kwenda kwa Afande.

Akainuka, akaufunga mlango. Akachukua muhuri, akagonga. IMEPOKELEWA, Jumatatu.

Saa saba Afande alikuja, amevaa kiraia.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuulizia barua yangu ya viza."

"Marahaba." Akaitoa fomu, akaiweka kaunta. "Afande, kuna tatizo. Fomu yako ilichelewa. Imeingia leo."

Alikuwa amejiandaa kwa ukali. Mikono ile mikubwa ingegonga kaunta, sauti ile ya kuita wafungwa ingejaza ukumbi, na yeye angesema haya nenda kwa Profesa, uone nani ataaminiwa. Afande hakufanya lolote kati ya hayo. Aliitazama tarehe, midomo ikitikisika kama anahesabu.

"Leo? Mama, mimi nadhani niliileta Ijumaa."

"Muhuri ndio huo."

"Naona." Akajifuta paji la uso. "Labda nimechanganya siku. Wiki iliyopita nilikuwa zamu tano mfululizo. Mtu ukikosa usingizi hujui hata umekula nini. Inawezekana niliiacha kwenye mkoba..." Akatafuta kichwani, asipate. "Basi nisamehe mama. Nimekutia kwenye usumbufu."

Aliposikia neno hilo, nisamehe, baridi ilimpanda Mama Fomu kutoka kwenye nyayo. Akamwambia aandike barua ya kuomba kufikiriwa, ailete kesho, yeye atamchapia. Alisema hivyo ili aondoke tu.

Jioni hakula. Mume wake alikuwa amekaa mlangoni akisafisha kioo cha saa ya mtu kwa kitambaa.

"Mke wangu, chakula kimekukosea nini?"

"Nimechoka."

"Uchovu naujua, hulala. Huo wako unatembea tembea."

Akamweleza yote, isipokuwa muhuri. Mume akasema kosa la gundi si kosa la mtu, atamwelewa tu huyo Profesa. Mama Fomu akaitikia. Alijua kwamba alichokiogopa sasa hakikuwa gundi tena. Asubuhi ile angeweza kusema "nimepitiwa." Sasa kulikuwa na muhuri, na muhuri haupitiwi.

Jumanne Afande alifika saa mbili na nusu, katoka zamu, sare mwilini na macho mekundu. Alileta barua kwa mkono wake, herufi zimesimama wima kama gwaride. Akakaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri. Mama Fomu akawasha kompyuta akaanza kuchapa, na kila alipoinua macho alimwona kupitia mlango ulioachwa wazi, kofia juu ya goti, akipigana na usingizi.

*Kwa heshima naomba kufikiriwa. Amana nimekwisha lipa na haitarudishwa. Ruhusa ya kazini niliyopewa ni ya mwaka huu peke yake. Nakiri kwamba nilichelewa kwa uzembe wangu...*

Hapo vidole vikakataa. Akafuta "uzembe wangu", akaliandika tena, akalifuta. Kama barua hii ingetoka, ingebaki kwenye faili la Afande mpaka siku atakapoomba uwakili, na wakubwa wa mawakili wangesoma kwamba mtu huyu ni mzembe, amekiri mwenyewe. Tena angeisoma yeye mwenyewe Afande, na kuiamini.

Akasimama. Ukumbi ule hatua zake zilikuwa kumi na nne, aliwahi kuzihesabu kwa mchezo. Siku hiyo hakuhesabu. Alipita mbele ya Afande bila kumtazama, akabisha kwa Profesa na akajikuta anamwomba Mungu Profesa asiwepo.

"Pita."

Akasema akiwa amesimama, maana alijua akikaa hatamaliza. Gundi, orodha, majina kumi na moja. Profesa alimsikiliza bila kukatiza, kalamu imelala kati ya vidole. Kisha akauliza swali moja, polepole, kama waulizavyo watu wa mahakamani.

"Huu muhuri wa Jumatatu, uliugonga kabla hujajua au baada ya kujua?"

Palikuwa na nafasi pale ya kusema *kabla*. Aliiona kama mlango.

"Baada, Profesa."

Profesa aliweka kalamu chini.

"Mwite."

Afande aliingia, akasimama wima. Mama Fomu ndiye aliyeambiwa aseme, na akasema, na maneno yalitoka makavu na mafupi. Afande hakuelewa mara ya kwanza. Mara ya pili alielewa, na uso wake ukafunga kama lango analolilinda.

"Jana nilimwambia mke wangu kwamba nimepoteza hela zetu kwa ujinga wangu," alisema. "Alilia mbele ya watoto. Na mimi nikamwambia ana haki ya kulia."

Profesa alivuta simu, akapiga ng'ambo, akasubiri, akahamishwa kutoka mtu hadi mtu. Aliongea kwa dakika ishirini. Nafasi ilikuwa bado ipo, lakini kwa kuwa jina limeingia nje ya muda kulikuwa na malipo ya ziada, robo ya amana, na wangetaka barua ya kitivo inayoeleza kosa ni la nani.

"Itaandikwa sasa hivi," Profesa alisema kwenye simu. Kisha akamgeukia karani wake. "Utaiandika wewe. Na ziada itakatwa kwenye mshahara wako, kama utaendelea kuwa na mshahara. Hilo la kuendelea si langu peke yangu, linakwenda kwenye kamati."

Kamati ilichukua siku ishirini na tatu. Kila asubuhi Mama Fomu alipanda ngazi akiwaza kama atazishuka na mfuko mkononi. Kila bahasha ya rangi ya kaki ilimfanya aachie kalamu. Alikonda mpaka pete ikaanza kumteleza. Mume wake, alipoambiwa hatimaye habari ya muhuri, alirudi kwenye saa zake. Kesho yake alimwambia, "Ungeniambia siku ile, ningekwambia vilevile uende. Ila ningekusindikiza." Akaanza kumsindikiza mpaka getini kila asubuhi, akidai kibanda chake kiko njia hiyo, na haikuwa kweli.

Barua ilipokuja ilikuwa na aya tatu. Onyo la mwisho. Makato ya miezi mitano. Baada ya kozi ya mwaka huu kuondoka, atahamishiwa chumba cha kumbukumbu, asishike tena usajili wala muhuri. Alilia chooni, na hakujua kama analia kwa kupona au kwa kuumia.

Siku nne kabla ya safari, Afande alikuja kaunta. Tangu siku ile mawasiliano yao yote yalipita kwa tarishi mpya. Alikuwa na karatasi za bima mkononi, kurasa tisa.

"Shikamoo."

"Marahaba," Mama Fomu alijibu.

"Sijakusamehe bado," alisema Afande, kwa utulivu, kama anayetaja saa. "Nataka ujue hivyo. Lakini hakuna mwingine anayezijua karatasi hizi." Akazitandaza. Kidole chake kilisimama kwenye ukurasa wa tano. "Hapa wanauliza, ndege ikipata lolote, aambiwe nani kwanza. Mama, mimi nimekaa na watu walioua, sikuwahi kuogopa hivi. Ndege naiogopa sana."

"Andika mkeo," alimwambia. "Na chini yake mtu wa pili."

"Wa pili lazima?"

"Lazima. Simu ya wa kwanza ikizimwa, wanampigia wa pili."

Afande akakuna kichwa, akamtaja kaka yake, kisha akasema namba ya kaka yake haikumbuki. Akaanza kuitafuta kwenye simu yake kwa vidole vile vinene, jina baada ya jina. Mama Fomu akavuta kiti upande wa pili wa kaunta, akafungua ukurasa wa sita wa mizigo, akaanza kuusoma peke yake ili Afande akipata ile namba waendelee.