Fundi Sinyati hakazi koleti kwa kubahatisha

Saa mbili asubuhi, kwenye karakana moja ya Olasiti. Sinyati Lerionka amevaa miwani ya kazi, anapangusa mdomo wa mashine ya kuchonga vyuma. Nyuma yake Mzee Gerson, mkulima wa kahawa kutoka miteremko ya Mlima Meru, anasimama, anakaa, anasimama tena.

Shafti ya mashine yake ya kumenya kahawa ilivunjika jana jioni. Kahawa aliyochuma iko kwenye magunia, na isipomenywa leo itaharibika. Shafti mpya iko tayari, imebaki kuchongwa mfereji wa kushikia gia.

"Kaa basi baba, nikupe chai," anasema Sinyati.

"Chai nitakunywa kahawa ikishamenywa, mwanangu."

Sinyati, 34, mzaliwa wa Terrat na mama wa watoto wawili, ana miaka tisa katika karakana hii. Kisu cha mashine yake hushikwa na koleti, kipande cha chuma chenye mipasuo ambacho hukibana kisu nati inapokazwa. Leo anahitaji ya milimita kumi na mbili, sawa na unene wa kisu. Anaiinua kwenye mwanga, anaguna. Ina ufa.

Mzee Gerson anaonyesha ya kumi na nne. "Hii si unaikaza tu kwa nguvu?"

"Hapana, baba. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo. Kisu kikawa kinateremka huku kinakata, kazi ya siku mbili ikaharibika. Nilijifungia stoo nikalia."

Anampigia simu Elinipa, fundi wa karakana ya jirani. Baada ya dakika ishirini Elinipa anafika na pikipiki, koleti ameifunga kwenye leso kama yai.

Sinyati anaisafisha, anaibonyeza ndani ya nati mpaka inalia "tik", ndipo anaingiza kisu. Anakaza kwa mkono, kisha kwa spana. Haongezi bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi.

"Wengi wanadhani ukikaza kupita kiasi ndiyo usalama," anasema. "Unaiumiza tu. Ikitosha, acha."

Anapima kama kisu kinayumba. Sindano ya kipimo haitikisiki. Anawasha mashine, na mfereji unatoka laini. Gia inaingia bila nyundo. Mzee Gerson anaondoka na shafti kifuani, hata kuaga anasahau.

Saa tisa alasiri anapiga simu. Sinyati anaweka sauti ya juu ili karakana yote isikie ngurumo ya mashine.

"Unasikia? Inamenya!" anapaza sauti mzee. "Sasa ile chai nakuja kuidai!"

Karakana inaangua kicheko.

Ndoto ya Sinyati ni kufungua karakana yake Terrat na kuwafundisha wasichana kazi hii. Mashine bado hana, ila seti ya koleti kumi na nane, mpya kabisa, iko chini ya kitanda chake, haiguswi mpaka siku hiyo.

"Mume wangu Oscar ananicheka, anasema nimenunua viatu kabla ya kupata miguu," anasema. "Namwambia asubiri, miguu inakuja."